Nyani Anayesuka na Nyani Anayesukwa

Nyinyi mlioingia Kidato cha Kwanza juzi, mnaoburuta masanduku ya bati bwenini kama mnahamia ikulu, sogeeni hapa. Mstaafu anataka kusema. Nina miaka kumi na saba na nimeshastaafu kazi, na kama kuna anayecheka, atoke akachekee kule kwenye tangi la maji. Baba yangu, kule Soweto ya Mbeya, ana nywele nyeupe na hajastaafu kitu. Mimi likizo tatu tu, nimemaliza. Nani kamzidi mwenzake?

Nimesikia kituo cha nyani kinataka wasichana wengine wa kuandika likizo ijayo, na kwamba mmeanza kugombana mlangoni kwa mwalimu wa baiolojia. Basi kabla hamjaenda niwaeleze mambo mawili. La kwanza ni kazi yenyewe. Hilo nitalieleza vibaya, maana mpaka leo silielewi sawasawa. La pili ni habari ya Namba Nne, nyani jike ambaye kufa kwake au kupona kwake kulikuwa ndani ya daftari langu. Hilo nalielewa kuliko ninavyotaka.

Kituo kiko nje ya mji wa Iringa, kwenye shamba la zamani la tumbaku. Ukishika njia ya Tosamaganga, unafika mahali unaiacha, unateremka na vumbi lako. Kuna ghala ambalo zamani walikaushia majani, na nyuma yake kuna banda kubwa la waya lenye nyani saba, majike matupu.

"Kama bwenini kwetu," nilimwambia Daktari siku ya kwanza.

"Tofauti ni kwamba hawa hawapigi kelele baada ya kengele," alinijibu.

Huyo ni Daktari Subilaga, mama wa kutoka Tukuyu, kwetu kabisa, aliyesomea ng'ambo akarudi na miwani minene kama kitako cha chupa. Shida yake ilikuwa hii. Wanaume, anasema, mishipa yao ya damu huanza kuziba mapema, wanashika kifua, wanaanguka. Wanawake huchelewa. Lakini si wote, wengine wanaanguka mapema vilevile. Kwa nini? Labda ni homoni za kike, ambazo mimi nilizielewa kama barua zinazotembea ndani ya damu bila stempu. Labda ni mafuta ya mwili, na siyo mengi au machache tu, bali yamekaa wapi, tumboni au nyongani. Au labda ni wenzako unaoishi nao, kwamba ukionewa kila siku, hata damu yako inajua. Nyani jike anafanana na sisi kiasi cha kutosha, kwa hiyo anaulizwa yeye.

Mkiuliza ni lipi kati ya hayo matatu, mimi sijui. Nilipomuuliza Daktari alisema, "Labda yote, yanashikana mikono." Nikaandika kwenye daftari: *yanashikana mikono.* Kuna siku nimeisoma sentensi hiyo nikadhani ni ya wimbo.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuwaeleza watu. Mnajua wenyewe, kwetu ukisema fulani ana mshipa, watu wanainamisha macho, maana wanajua ni ule ugonjwa wa wanaume unaofanya mzee atembee amepanua miguu. Sasa mimi nilirudi Mlandege kwa shangazi yangu, ninakofikia likizo, nikasema kwa fahari, "Shangazi, nimepata kazi ya kuchunguza ugonjwa wa mshipa."

Shangazi aliweka chini kitana. "Umepata kazi ya nini?"

"Ya mishipa. Ya majike."

"Majike yana mshipa?"

"Ndiyo, Shangazi. Mkubwa kabisa, unatoka moyoni."

"Atupele, mtoto wa kike, wazazi wako wamekuleta Iringa usome, na wewe umekwenda kuwashika nyani mishipa?" Aliita majirani wawili kuja kushuhudia. Mpaka nilipochora moyo mchangani na mabomba yake, mmoja wa majirani alikuwa ameshaanza kunionea huruma.

Hata Mzee Kihwele, mlishaji wetu, mwaka mzima alidhani Daktari amepotea, anatafuta mshipa kwa majike. Mzee Kihwele ni Mhehe aliyefukuza nyani mashambani maisha yake yote, kwa mbwa na kombeo, halafu serikali ikamwajiri awalishe. Kila asubuhi aliwakandia ugali kwa samli na viini vya mayai, huku akisonya.

"Kamwene, Mnyakyusa wa ndizi," aliniamkia. "Umeona dunia? Mimi nyumbani nimekula mlenda. Huyu mwizi wa mahindi anakula mayai."

"Ni wa utafiti, Mzee. Lazima wanenepe."

"Basi mwambie daktari wako na mimi nina mishipa. Tena mimi ndiye mwenye mshipa wa kweli."

Sasa ujuzi. Andikeni, maana haya hamtayasoma popote.

Usicheke mbele ya nyani. Meno kwake ni matusi. Mimi nisiyeweza kukaa dakika tano bila kucheka niliponea chupuchupu siku ya pili. Mzee Kihwele aliteleza kwenye ganda la ndizi, nikacheka mpaka magego, na nyani mnene kuliko wote akanirushia kitu ambacho hakikuwa ndizi. Tangu siku hiyo nilijifunza kucheka kwa pua. Tena usimtazame machoni. Tazama sikio. Na vaa nguo ileile kila siku. Nilipokuja na blauzi mpya ya maua, walikaa kona moja mpaka saa sita, kazi ya asubuhi nzima ikaharibika.

Siku ya kupima mafuta, nyani anachomwa sindano ya usingizi, Mzee anamshika, Daktari anabana ngozi kwa kifaa kama koleo dogo, nyuma ya mkono, tumboni, nyongani, na wewe unaandika. Usiseme "masikini." Nilisema mara ya kwanza, Daktari akaniuliza, "Hiyo ni sentimita ngapi?"

Na damu wanayotolewa nyani husafirishwa kwenda kupimwa ndani ya flaski ya chai iliyojaa barafu. Andikeni juu yake neno DAMU, kwa herufi kubwa. Sisi hatukuandika. Dereva wa kituo, kijana mmoja wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, alisimamisha gari njiani akasema baridi hii ya Iringa imemzidi, akafungua flaski ajimiminie. Sikumzuia. Kusema kweli niliinua kikombe kumsaidia. Hajanisamehe, na hajanywa chai ya flaski tena.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa daftari. Daktari alichora mistari, akaandika juu safu mbili: MKUBWA na MDOGO. "Kaa hapa kwenye kigoda," akaniambia. "Kila wawili wakikaa pamoja, andika nani mkubwa na nani mdogo. Sisemi umri. Nasema cheo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Wadogo zangu, neno hilo "nimeelewa" liogopeni kuliko nyoka.

Nyani wakikaa pamoja, mara nyingi mmoja hukaa nyuma ya mwenzake na kumpekua manyoya, anatoa uchafu, anatoa chawa, anapanga. Mimi niliita kusuka. Na kuhusu kusuka, nani wa kunifundisha? Shangazi yangu husuka Mlandege nzima, kwa uzi mweusi na mkono wa chuma. Yeye yuko juu ya kigoda, wewe uko chini kwenye mkeka, kichwa chako kimebanwa na magoti yake. Ukijikuna, kofi. Ukisema inauma, kofi na swali, "Nani kakuambia urembo hauumi?" Mke wa mwenyekiti wa kijiji alikuja kusukwa akapigwa kofi. Kwa hiyo, anayesuka ndiye mkubwa, anayesukwa ndiye mdogo. Hilo silihitaji kufundishwa darasani.

Basi likizo tatu niliandika hivyo. Namba Nne alisuka kila mtu. Alikuwa mwembamba wa mikono na miguu, na kitumbo kimetangulia mbele, na vidole vyepesi ajabu. Nilimpa jina la Shangazi, kwa siri, maana Daktari alikataza majina. Nikamwandika MKUBWA, ukurasa baada ya ukurasa. Yule mnene wa kurusha vitu, Namba Moja, alikaa tu ananyoosha shingo asukwe. Nikamwita Kitindamimba, kwa kudekezwa. MDOGO. Namba Nne nilimpenda. Nikikaa kwenye kigoda alikuja upande wake wa waya, akapitisha vidole viwili na kupekua pindo la sketi yangu, taratibu, kama anatafuta kitu alichokipoteza mwenyewe. Mimi nilijiona nimependwa na bosi.

Kulikuwa na kalenda pia, ukutani ghalani, ya siku za mwezi za kila jike, kwa penseli nyekundu. Namba Moja, wekundu wake ulikuja kama saa ya mnara. Namba Nne mwezi mmoja ulikuja, miwili haukuja. Daktari alisimama mbele ya kalenda ile, daftari langu mkononi, na miwani akaipandisha kwenye paji la uso.

"Haiingii akilini, Atupele. Mkubwa wao ndiye mwenye homoni zilizovurugika. Mkubwa wao ndiye mwenye mafuta ya tumboni. Na huyu wa chini kabisa, anayeonewa na wote, ana afya kama bibi harusi."

"Labda uongozi una mawazo mengi, Daktari," nikasema.

Akanitazama. Akaandika! Nawaapia, aliandika maneno yangu.

Likizo ya tatu, kibali kikaja. Cha nyani mmoja tu: alazwe, apasuliwe, mshipa wake mkubwa utazamwe kwa ndani. Daktari akaamua awe wa chini kabisa kwa cheo, maana kama kuonewa kunaharibu mishipa, kutaonekana kwake kwanza. Kwa daftari langu, huyo alikuwa Namba Moja. Siku ilikuwa Ijumaa. Nilimsikitikia kidogo Kitindamimba, lakini nikakumbuka alichonirushia, nikajikaza.

Jumatano nilikaa na Mzee Kihwele tukisubiri ugali upoe. Yeye hajui kusoma, akataka kusikia nyani wake wameandikwa nini. Nikamsomea ukurasa mmoja. "Namba Nne mkubwa, Namba Moja mdogo. Namba Nne mkubwa, Namba Sita mdogo. Namba Nne mkubwa..."

Mzee alianza kucheka, kwa pua, kama mtaalamu.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nani kakuambia?"

"Si nimeona mwenyewe? Namba Nne anawasuka wote."

"Anawasuka kwa sababu anawaogopa, wewe! Anaomba asipigwe. Njoo." Alichukua gunzi lenye punje chache, akalitupa katikati ya Namba Moja na Namba Nne. Namba Nne ndiye aliyekuwa karibu nalo. Hakuligusa. Alitazama pembeni, kama mtu anayesubiri basi. Namba Moja akaja polepole, akaokota, akakaa nalo. Namba Nne akazunguka nyuma yake, akaanza kumpekua mgongo.

Mzee akatupa la pili mbele ya Namba Nne na Namba Sita. Namba Sita akachukua. La tatu, na Namba Mbili. Namba Mbili akachukua. Namba Nne alitoka mikono mitupu kwa wote sita. Likizo tatu ule woga wote mimi nimeuita ubosi.

Nilitaka kucheka, na nilikuwa nimeanza. Halafu nikaona Mzee ameacha kucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

"Kumbe wa chini ni huyu," akasema.

Namba Nne alikuwa ameshakuja kwenye waya, anapekua pindo langu.

"Mzee, nifanyeje?"

Aliinua sufuria yake. "Mimi sijui kusoma," akasema. "Sijui kitabu chako kimesema nini." Akaenda.

Wadogo zangu, nimewahi kuiba maandazi jikoni, nimewahi kumwandikia mwalimu wa zamu barua ya mapenzi kwa jina la mpishi. Sijawahi kukosa usingizi kwa jambo lolote kama hilo. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi hata kwa mtu anayefeli hesabu. Nikinyamaza, Namba Nne anaishi, na Daktari anapasua nyani asiye sahihi, anaandika uongo, na watu wa mbali wanausoma uongo wangu kuhusu mioyo ya mama zao. Nikisema, nimemshika Namba Nne mkono nikampeleka mezani mwenyewe. Niliomba ugonjwa uniondoe kazini. Nilitafuta hata homa kwa kukaa juani.

Alhamisi asubuhi nikaingia ghalani. Daktari alikuwa anachemsha visu.

"Ugonile, Daktari," nikamwamkia kwa lugha yetu.

"Ndaga, mwanangu. Mbona uso kama umetoka msibani?"

"Daktari, daftari limepinduka."

"Limepinduka vipi?"

Nikamweleza. Kusuka, Shangazi, kigoda, mkeka, makofi, yote, haraka haraka, na gunzi la Mzee mwishoni. Nilitegemea anipige na kitu. Alizima jiko. Akavua miwani, na bila miwani alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, kama dada yangu.

"Anayesuka ndiye mkubwa," akasema polepole.

"Kwa shangazi yangu, ndiyo."

"Hata kwetu Tukuyu. Mama yangu alinisuka mpaka namaliza darasa la nane na hakuna siku nilithubutu kugeuza shingo." Alicheka kidogo, bila raha. "Ndiyo maana sikukuuliza unaangalia nini. Nilikuona Mnyakyusa mwenzangu, nikadhani tumeelewana. Ilikuwa uandike ulichokiona, siyo ulichokielewa. Na mimi ndiye nilipaswa kukuambia."

Tulikwenda bandani na magunzi. Alitupa yeye mwenyewe, mara nyingi, mpaka karibu saa tano. Kila mara ilikuwa vilevile. Tukarudi ghalani, akafungua daftari, akachukua kifutio, akafuta neno MKUBWA juu ya safu ya kwanza na MDOGO juu ya ya pili, akayabadilisha nafasi. Maneno mawili tu, ukurasa kwa ukurasa. Halafu akaitazama kalenda, akalitazama daftari, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Sasa inaingia akilini," akasema. "Atupele, inaingia akilini! Huyu ameonewa, homoni zikavurugika, mafuta yakakimbilia tumboni. Umeniokoa."

Nilisema, "Karibu."

"Ijumaa utashika daftari?"

Ningeweza kukataa. Naomba mjue kwamba angenikubalia. Lakini niliona kama nimemtaja mtu halafu nimekimbia.

Namba Nne alichomwa sindano saa tatu asubuhi. Mzee Kihwele alimbeba, na safari hii hakusonya. Sitawaeleza yote. Baadaye Daktari alipasua mshipa mkubwa kwa urefu, kama unavyofungua ganda la njegere, akauosha, akaniita. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha, bomba lililoziba kama la jikoni kwetu. Ulikuwa mweupe, laini, na ndani yake michirizi myembamba ya njano, kama samli iliyoganda ukingoni mwa bakuli.

"Ndiyo huo ugonjwa?" nikauliza.

"Inaweza kuwa mwanzo wake."

"Kwa sababu alionewa?"

"Inawezekana. Inawezekana ni mayai ya Mzee Kihwele. Inawezekana ni umri. Nyani mmoja hathibitishi kitu."

"Lakini jana ulisema inaingia akilini!"

"Kuingia akilini ni jambo moja. Kuwa kweli ni jingine."

"Kwa hiyo tumemuua bure?"

Aliweka mkasi mezani. "Sijui, Atupele. Kama ningekuwa najua, nisingempasua."

Niliandika: *michirizi ya njano.* Nikaandika urefu. Nikaandika tarehe. Sikuandika masikini. Mtu akiniuliza leo kama tulifanya vizuri au vibaya, namwambia aulize tena Jumanne, labda Jumanne nitakuwa nimejua.

Jumamosi nilikwenda kwenye kigoda changu kama kawaida. Bandani walikuwa sita. Kwa muda hakuna aliyemkaribia mwenzake. Namba Moja alikaa mahali pake pa jua, akanyoosha shingo, akasubiri. Hakuna aliyekuja. Akageuka, akamtazama Namba Sita, akafungua mdomo kidogo, meno yakaonekana.

Namba Sita, yule yule aliyemnyang'anya Namba Nne gunzi siku tatu nyuma, akainuka. Akaja nyuma ya Namba Moja na kuanza kumpekua manyoya, taratibu, vidole viwili. Alipomaliza, Namba Mbili akalala chali mbele yake, naye akamhudumia. Kisha Namba Tano.

Nilifungua ukurasa mpya. Chini ya MKUBWA nikaandika Moja, Mbili, Tano. Chini ya MDOGO nikaandika Sita, Sita, Sita, kwa mwandiko mzuri kabisa, na kila kitu kilikuwa sahihi. Halafu nikampelekea Daktari daftari na penseli zote mbili, ya kawaida na nyekundu, nikamwambia nastaafu.